Namna ya kuweka viwango vya kusomana kwa bidhaa za biashara zilizojengwa juu ya programu huria

Mteja alikuwa anahama kutoka bidhaa moja kwenda nyingine. Zote mbili zilijengwa juu ya PostgreSQL, programu huria ya kanzidata, toleo kuu lilelile, na wauzaji wote wawili walimwambia maneno yaleyale: msimbo ni mmoja, data itaingia bila shida. Data ilikuwa nyingi na muda wa kuzima huduma ulikuwa mfupi, kwa hiyo tulinakili mafaili ya kanzidata yalivyo badala ya kuitoa data na kuipakia upya. Asubuhi mfumo ukawaka, taa zote kijani. Saa tano mhasibu akatafuta ankara namba 1-1, asiione. Akafungua orodha nzima, akashuka nayo kwa jicho mstari kwa mstari, akaikuta imekaa palepale. Ukiisoma orodha ipo, ukiitafuta haipo.

Ilituchukua siku mbili kujua. Mfumo endeshi wa bidhaa ya kwanza ulitumia toleo la zamani la glibc, maktaba ya msingi ya Linux. Wa bidhaa ya pili ulikuwa na glibc 2.28, iliyotoka Agosti 2018 ikiwa imebadilisha kanuni za kupanga maandishi. Katika mpangilio wa Kiingereza cha Marekani, kanuni za zamani huweka 11 mbele ya 1-1, na kanuni mpya huweka 1-1 mbele ya 11. Faharasa, yaani orodha iliyopangwa ya kutafutia data haraka, ilijengwa kwa mpangilio mmoja ikasomwa kwa mwingine, na anayetafuta akawa anakata kushoto wakati kitu kiko kulia.

Hakuna muuzaji aliyetudanganya kwa makusudi. Ila hapakuwa na mahali popote palipoandikwa nini hasa kinapaswa kufanana ili bidhaa hizo mbili zisomane, yaani data ya moja itumike kwenye nyingine. Watu wengi, hata mafundi wazoefu, wanaamini kwamba msimbo ukiwa wazi basi utangamano unakuja wenyewe. Hauji. Kila muuzaji huchukua mradi mama, yaani mradi huria wa asili, akaongeza viraka vyake, akachagua mipangilio yake, akaufunga pamoja na maktaba za toleo lake, kisha akauza. Wanachoshirikiana ni mwanzo tu. Hatua zifuatazo ni za kikundi kinachotaka kuziba pengo hilo: kampuni zinazouza, wasimamizi wa mradi huria, au wanunuzi wakubwa waliochoka kufungwa kwa muuzaji mmoja.

Hatua ya 1: Tafuta mshono mmoja, uushone huo

Kabla ya kuandika chochote, kaa na watu waliowahi kuhama kutoka bidhaa moja hadi nyingine. Waulize walikwama wapi. Usiwaulize wangependa kiwango kiwe na nini, maana watakupa orodha ya ndoto. Majibu yao yataangukia kwenye mishono michache: muundo wa data inayohamishwa, API (njia ya programu moja kuiomba nyingine huduma), utambulisho wa watumiaji, kumbukumbu za matukio, na namna programu inavyofungashwa na kusakinishwa. Chagua mshono mmoja, mkizidi sana miwili.

Nasisitiza udogo kwa sababu historia iko wazi. Linux Standard Base ilianza na nia njema kabisa: muuzaji wa programu aandike mara moja, programu iendeshwe kwenye Linux yoyote. Toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2001, na mwaka 2006 kiwango hicho kikawa cha kimataifa, ISO/IEC 23360. Lakini kilijaribu kuufunika karibu mfumo endeshi mzima: maktaba, amri, mpangilio wa mafaili, hata muundo wa vifurushi. Debian, watengenezaji wa mfumo endeshi wa Linux, walipokaa kuamua kama waendelee kukibeba, mwaka 2015, orodha ya programu zilizothibitishwa ilikuwa na programu 8 tu za kampuni 6. Wakakiacha. Kazi ya miaka mingi, na watu waliojenga juu yake wanahesabika kwa vidole.

Linganisha na Open Container Initiative, iliyoundwa mwaka 2015 huohuo. Wao walianza na mambo mawili: taswira ya kontena (kifurushi chenye programu na vyote inavyohitaji) ifungashweje, na kontena lililofunguliwa liendeshweje. Basi. Hata hivyo iliwachukua hadi Julai 2017 kutoa toleo la 1.0. Namna ya kusambaza taswira hizo ilisubiri hadi 2021. Nami nadhani subira hiyo ndiyo iliyowapa nguvu, kwa sababu kila kilichoandikwa kilikuwa tayari kinatumika na watu wengi.

Hatua ya 2: Kamilisha meza

Mnahitaji pande tatu: wasimamizi wa mradi mama, wauzaji wasiopungua wawili wanaoshindana kweli, na angalau mnunuzi mmoja anayelipa. Ukikosa wa kwanza, mtaandika kiwango ambacho toleo lijalo la mradi litakivunja bila hata kujua kipo. Ukikosa mshindani, mmeandika mwongozo wa bidhaa moja mkauita kiwango.

Mwaka 2015 kampuni kadhaa zilianzisha Open Data Platform ili kuweka msingi mmoja wa bidhaa za Hadoop, programu huria ya kuchakata data nyingi sana. Hortonworks waliingia. Cloudera na MapR, washindani wake wakubwa wa wakati huo, walibaki nje. Hapo jambo lote likawa na kasoro tangu siku ya kwanza: mteja aliyehitaji zaidi kusomana alikuwa yule wa kutoka kwa muuzaji aliye ndani kwenda kwa muuzaji aliye nje. Ni afadhali mchelewe miezi sita mkimbembeleza mshindani kuliko kuzindua bila yeye.

Hatua ya 3: Malizeni habari ya haki kabla ya kuandika kifungu cha kwanza

Hili linachosha na kila mtu hutaka kuliruka. Msiliruke.

Kuna mambo matatu tofauti ambayo watu huyachanganya. Leseni ya msimbo ni moja. Leseni ya waraka wa kiwango ni nyingine. Leseni ya majaribio ni ya tatu. Apache License 2.0, mojawapo ya leseni huria, inatoa ruhusa ya hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) kwa msimbo uliochangwa, lakini haimlindi mtu atakayesoma waraka wenu na kuandika programu yake upya kwa lugha nyingine. Kwa hiyo kila kampuni inayokaa mezani itie saini ahadi kwamba hataza zake zinazogusa kiwango zitatumika bila malipo, na yeyote, ndani au nje ya kikundi. W3C, shirika la viwango vya wavuti, wanafanya kazi hivi tangu 2004 chini ya sera yao ya hataza, na mnaweza kuisoma kama mfano.

La majaribio ndilo lililowahi kuumiza zaidi. Apache Software Foundation walikuwa na mradi uitwao Harmony, jukwaa la lugha ya programu ya Java lililoandikwa upya kwa uhuria. Ili kuiita Java inayokidhi kiwango, ilibidi ipite seti rasmi ya majaribio, na seti hiyo ilikuwa mali ya Sun Microsystems. Sun walikubali kuitoa kwa masharti yaliyozuia programu itumike katika baadhi ya maeneo, na masharti hayo hayapatani na leseni huria. Apache wakaandika barua ya wazi Aprili 2007. Desemba 2010 wakajitoa kwenye kamati tendaji ya viwango vya Java. Mwaka 2011 Harmony ikafungwa. Waraka wa kiwango ulikuwa unasomeka na yeyote muda wote huo. Aliyeshika majaribio ndiye aliyeshika mlango. Tokeni mezani mkiwa na maandishi yanayosema majaribio yatakuwa chini ya leseni huria, na hayatarudishwa nyuma.

Hatua ya 4: Andika vifungu vinavyoweza kushindwa

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa nitakaa kidogo.

Kila kifungu kitumie maneno matatu tu ya nguvu: LAZIMA, INAPASWA na INARUHUSIWA. Yaelezeni mwanzoni mwa waraka. Utaratibu huu unatoka kwenye RFC 2119 ya mwaka 1997 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti), na umedumu kwa sababu unamlazimisha mwandishi kuamua. LAZIMA maana yake asiyefanya hajakidhi kiwango. INAPASWA maana yake kuna sababu halali ya kutofanya, lakini uijue na uitaje. INARUHUSIWA maana yake mwenzako anaweza kufanya au asifanye, nawe usitegemee lolote. Ukiona kifungu chenye INAPASWA, jiulize kama si LAZIMA iliyoogopa ugomvi. Mara nyingi ndivyo.

Sasa tazama kifungu hiki, ambacho niliwahi kukiandika mwenyewe:

*Bidhaa itapanga maandishi kwa utaratibu sahihi wa lugha husika.*

Kinasomeka vizuri, na hakuna atakayekipinga. Hakuna pia atakayeshindwa, maana utaratibu wa zamani wa glibc ni sahihi na mpya ni sahihi. Kifungu hicho kisingemsaidia yule mhasibu hata kidogo. Baada ya siku zile mbili tulikiandika upya hivi:

*Bidhaa inayotoa data LAZIMA itaje, mwanzoni mwa faili la uhamisho, jina na toleo la kanuni za kupanga maandishi zilizotumika. Bidhaa inayopokea LAZIMA ilinganishe toleo hilo na lake. Yakitofautiana, LAZIMA ijenge upya faharasa zote za maandishi kabla ya kujibu ombi la kwanza.*

Kirefu zaidi, na hakina uzuri wowote wa lugha. Lakini kinasema nani afanye nini, lini, na mtu wa tatu anaweza kupima kama kimefanyika. Hicho ndicho kipimo changu kwa kila kifungu: je, naweza kuandika programu ndogo itakayosema ndiyo au hapana? Kama siwezi, kifungu kinarudi mezani.

Kuna sehemu ambazo vikundi vingi husahau, na ndizo zinazoleta simu za usiku. Andikeni wazi tarehe na saa ziandikweje, na zaidi ya yote kama saa za ukanda ni sehemu ya lazima. Muundo wa RFC 3339 unatosha, na hamna haja ya kubuni wenu. Andikeni usimbaji wa herufi, ambao siku hizi ni UTF-8 bila mjadala. Andikeni ukomo: jina linaweza kuwa na urefu gani, faili ukubwa gani, ombi moja lirudishe safu ngapi. Bidhaa moja ikikubali majina ya herufi 255 na nyingine ikaishia 64, ya pili italikata jina kimyakimya na hamtajua mpaka mteja alalamike.

Andikeni pia makosa. Vikundi hutumia wiki nzima kukubaliana jibu la mafanikio, kisha jibu la kosa likaachiwa kila mtu ajifanyie. Programu ya mteja inayotegemea API yenu inahitaji kujua tofauti ya "jaribu tena baadaye" na "usijaribu tena kabisa", na inahitaji tofauti hiyo iwe ileile kwa kila muuzaji.

Na halafu kuna swali la sehemu za data zisizojulikana. Bidhaa A ikituma sehemu ambayo bidhaa B haijawahi kuiona, B ifanye nini? Kuna majibu matatu: ikatae, iipuuze, au iihifadhi na kuirudisha ilivyo. Mimi huchagua la tatu kwa data inayohamishwa na la pili kwa API, lakini lolote mtakalochagua, liandikeni. Ushauri wa zamani wa Jon Postel, mmoja wa waanzilishi wa intaneti, tangu 1980, ulikuwa uwe mkali katika unachotuma na mpole katika unachopokea. Ulisaidia kuukuza mtandao. Lakini upole ukizidi, kila bidhaa huanza kukubali makosa ya nyingine, na makosa hayo yanageuka kiwango kisichoandikwa. RFC 9413 ya mwaka 2023 inalieleza tatizo hili kwa kina, nami nakubaliana nayo: pale ambapo kiwango kimesema LAZIMA, anayepokea kitu kibovu akikatae na aseme kwa nini.

Hatua ya 5: Jaribio lizaliwe siku moja na kifungu

Msiandike waraka mzima ndipo mfikirie majaribio. Kanuni yetu ilikuwa rahisi: pendekezo la kifungu chenye LAZIMA halipokelewi bila jaribio lake. Mapendekezo yalipungua mara moja, na yaliyobaki yalikuwa mazuri.

Kisha jaribuni kwenye bidhaa mbili zisizotoka mahali pamoja. IETF, kikundi kinachoweka viwango vya intaneti, kwa miaka mingi walidai utekelezaji wa aina mbili unaojitegemea, wenye misimbo tofauti, kabla ya kiwango kupanda daraja. Kwa bidhaa za programu huria sharti hili lina mtego wake. Bidhaa tatu zilizotokana na mradi mama mmoja zinaweza kupita majaribio yote kwa pamoja na zote zikawa zimekosea namna moja, kwa sababu zimerithi kosa moja. Majaribio yenu yanakuwa yanapima mradi mama ulivyo, wala hayapimi kiwango kinavyosema. Tafuteni mtu aandike utekelezaji mwingine kutoka kwenye waraka peke yake, bila kufungua msimbo wa mradi. Uwe mdogo, uwe wa polepole, haidhuru. Maswali atakayouliza mtu huyo ni orodha kamili ya mahali waraka wenu una mashimo.

Hatua ya 6: Wape wauzaji nafasi ya kutofautiana, yenye uzio

Muuzaji asiyeruhusiwa kuongeza chochote ataondoka, na ni haki yake, kwani anaishi kwa kile kinachomtofautisha. Basi mpeni mahali pake. Nyongeza zote ziwe na kiambishi cha jina la muuzaji, ili mtu akiitazama sehemu ya data ajue mara moja kwamba hii si ya wote. Bidhaa iwe na swichi moja ya kuzima nyongeza zote, na majaribio ya kiwango yaendeshwe swichi ikiwa imezimwa na tena ikiwa imewashwa.

Kisha kuna desturi ambayo haiwezi kulazimishwa ila inaweza kujengwa: kinachohitajiwa na wote kipelekwe kwanza kwenye mradi mama. MariaDB ilijitenga na MySQL, zote programu huria za kanzidata, mwaka 2009, na baadaye kila upande ukabuni namna yake ya kutambulisha miamala inayonakiliwa kati ya seva. Zote mbili zinaitwa GTID. Muundo wake haufanani. Anayeendesha seva za aina zote mbili hukutana na jina moja lenye maana mbili.

Hatua ya 7: Funga jina kwenye majaribio

Leseni huria inampa kila mtu haki ya kubadilisha msimbo, kwa hiyo kiwango hakiwezi kumlazimisha yeyote kupitia msimbo. Kinachobaki mkononi mwenu ni jina. Alama ya biashara ni jambo tofauti na leseni ya msimbo. Debian walilijua hilo kwa vitendo pale ambapo, kuanzia 2006 hadi 2016, kivinjari cha Firefox kiliitwa Iceweasel ndani ya mfumo wao kwa sababu ya masharti ya alama ya Mozilla.

Mfano ninaoupenda ni wa Kubernetes, programu huria ya kuendesha kontena nyingi kwa pamoja. Novemba 2017 CNCF, taasisi inayousimamia mradi huo, walianzisha mpango wa kuthibitisha bidhaa. Muuzaji anaendesha majaribio mwenyewe, kwenye mitambo yake, kisha anawasilisha mafaili manne kwenye hazina ya wazi: maelezo ya namna ya kurudia jaribio, kumbukumbu ya jaribio lote, ripoti ya matokeo, na taarifa za bidhaa. Yeyote anaweza kuyasoma. Mshindani anaweza kurudia jaribio hatua kwa hatua na kuona kama ni kweli. Hakuna mkaguzi wa kusafirishwa, na muuzaji mdogo hazuiwi na gharama ya maabara. Cheti kinahitaji kuhuishwa kwa toleo jipya, hivyo bidhaa iliyolala haibaki na alama milele. Na majaribio hayo yanagusa sehemu zilizokwisha kutulia tu, si zile ambazo bado zinajaribiwa.

Andikeni pia kinachotokea muuzaji akivunja masharti. Apewe siku ngapi za kurekebisha, nani anaamua, na alama inaondolewaje. Mkiliandika kabla ya ugomvi ni utaratibu, mkilitafuta wakati wa ugomvi ni vita.

Hatua ya 8: Matoleo

Fupi: namba ya kwanza ipande pale tu mnapovunja kilichokuwa kinafanya kazi, na ipande kwa nadra. Kila kinachoondolewa kitangazwe toleo moja kuu kabla. Kila faili na kila jibu la API litaje toleo la kiwango lililotumika.

Hatua ya 9: Hamisheni, mrudishe, mlinganishe

Majaribio ya vifungu hupima bidhaa moja moja. Mteja anahama kati ya mbili. Kwa hiyo angalau mara mbili kwa mwaka, wauzaji wakutane na data ya mfano inayofanana na ya kweli: majina yenye herufi za lugha nyingi, tarehe za mwisho wa Februari, sehemu zilizoachwa wazi, maandishi marefu kupita kiasi. Itoeni kutoka bidhaa A, iingizwe B, itolewe B, irudishwe A. Kisha linganisheni kilichorudi na kilichoondoka, na chapisheni tofauti zote hata zile za aibu. Mara ya kwanza tulipofanya hivi, kila jozi ya bidhaa ilikuwa na tofauti, zikiwemo zile zilizokuwa zimepita majaribio yote ya vifungu.

Seti yetu ya kuhamisha na kurudisha imekua, lakini jaribio la kwanza kuandikwa bado ndilo la kwanza kuendeshwa. Linaingiza safu mbili kwenye bidhaa A, moja 11 na nyingine 1-1, linazihamishia B, kisha linaitafuta kila moja kwa faharasa. Linaisha chini ya sekunde moja. Bidhaa isiyozipata zote mbili haiendelei na jaribio la pili.